Baiskeli na baridi ya kipupwe Nyanda za Juu Kusini: dalili, chanzo na la kufanya

Kuanzia Juni hadi Agosti, anayekwenda kazini kwa baiskeli Njombe, Makete, Mafinga, Iringa au Mbeya hukutana na mambo ambayo mwenzake wa Dar es Salaam hayajui kabisa. Breki iliyoshika vizuri jana jioni, alfajiri inakataa. Pedali zinazunguka bure. Vidole vimekufa ganzi hata kupiga kengele ni kazi. Njia ya mkato ya bondeni imegeuka nyeupe. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mlinzi anayetoka zamu, fundi ujenzi, mwalimu, muuza maziwa na kila mtu ambaye baiskeli ndiyo nauli yake, na sitaki hata mmoja wao aumie kwa jambo linalozuilika.

Kabla ya kugusa chochote, jiulize swali moja: baiskeli ililala wapi? Mafundi wakongwe wa huku huanza hapo. Unafika, "Shikamoo mzee, breki imegoma," naye kabla hata hajainama anajibu, "Marahaba. Ililala wapi?" Ana sababu. Sehemu kubwa ya matatizo ya alfajiri huanza usiku, kwa maji yaliyotulia mahali yasipotakiwa na grisi iliyoganda. Baridi yenyewe haivunji chuma. Ukilijua hilo, utarekebisha mengi jioni kukiwa bado na mwanga na vidole vikiwa na joto.

Sasa tuelewe kinachotokea. Usiku wa kipupwe mara nyingi hauna mawingu wala upepo. Ardhi inapoteza joto lake moja kwa moja kwenda angani, hewa iliyo karibu nayo inapoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, inatiririka kuelekea mabondeni na kutuama huko. Ndiyo maana mtu wa mlimani anaamka na umande tu, wakati jirani yake wa bondeni, hatua chache chini, anakuta jalidi, yaani umande ulioganda kuwa barafu, juu ya majani. Mji wa Mbeya uko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000, na Uwanda wa Kitulo unafika 2,600 hivi. Alfajiri nyingi za Julai kipimajoto husoma chini ya nyuzi 10 katika miji hii, na Kitulo pamoja na mabonde ya Makete huweza kushuka chini ya sifuri. Usidanganywe na kipimajoto cha ukutani au cha simu kinachosoma nyuzi 3: pale chini kabisa, kwenye nyasi na kwenye mbao za daraja, inaweza kuwa tayari ni sifuri.

Breki haishiki alfajiri, ingawa jana ilishika

Hili ndilo la hatari kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo muda mrefu.

Tazama ringi kwanza. Baiskeli nyingi za kazi huku, zile nyeusi kubwa zenye breki za vyuma vinavyovuta raba, zina ringi za chuma kilichopakwa kromiamu. Uso wa chuma hicho ni nyororo mno, hauna ukwaruzo. Kikiwa kikavu, raba inashika. Kikilowa, raba inaelea juu ya utando wa maji na unakuta unabana breki mpaka mkono unauma huku baiskeli inaendelea kwenda. Haihitaji mvua. Umande wa usiku mmoja au ukungu wa nusu saa unatosha. Ringi za alumini, zile za kijivu kwenye baiskeli za mtumba zenye gia, nazo hupungukiwa nguvu zikilowa, ila si kwa kiasi hicho.

Namna ya kuhakikisha: sukuma baiskeli kwa miguu, bana breki ya mbele. Kama gurudumu linateleza kimya, kisha baada ya mizunguko kadhaa linashika ghafla, ni maji tu. Futa ringi zote mbili na uso wa raba kwa kitambaa kikavu kabla ya kutoka. Ukiwa njiani kwenye ukungu maji yatarudi, kwa hiyo kabla ya kila mteremko bana breki kidogo huku ukiendelea kukanyaga pedali, ili raba ikaushe ringi. Fanya hivyo ukiwa bado tambarare. Anayetoka Gangilonga kushuka Ipogolo, au anayeteremka kuelekea Mbalizi, akingoja mpaka mteremko umshike ndipo ajaribu breki, amechelewa.

Kama breki inateleza hata ringi ikiwa kavu, chanzo ni kingine. Bonyeza raba kwa ukucha. Raba nzima huacha alama ndogo. Iliyozeeka ni ngumu na uso wake unang'aa. Iliyong'aa isugue kwa msasa mpaka iwe na ukwaruzo. Ikirudi kung'aa baada ya siku chache, nunua mpya, bei yake ni ndogo. Sababu nyingine ninayoikuta mara kwa mara ni mafuta. Mtu amepaka cheni mafuta jioni, baiskeli imelazwa ubavu, mafuta yametiririka hadi kwenye ringi ya nyuma. Osha ringi kwa maji ya moto na sabuni, kausha, kisha sugua raba.

Mkono wa breki ukiwa mgumu, hauvutiki au ukivutwa haurudi, tatizo liko kwenye waya. Maji huingia ndani ya kava la waya na kutuama kwenye mkunjo wa chini. Kuna kipimo rahisi cha kujua ni nini: kama jua likipanda, saa nne hivi, breki inalegea yenyewe, ndani kulikuwa na barafu, kama jioni bado ni ngumu, ni kutu. Kwa barafu, chomoa waya jioni, acha kava lining'inie wima usiku kucha ndani ya nyumba, kisha dondoshea mafuta mepesi kabla ya kurudisha. Kwa kutu, usihangaike, badilisha waya na kava lake vyote viwili. Waya mpya ndani ya kava lenye kutu utakwama tena ndani ya wiki chache.

Kwa breki za vyuma zisizo na waya, kagua viungio vyake. Grisi nzito iliyochanganyika na vumbi la Julai hugeuka kama lami wakati wa baridi. Osha viungio kwa mafuta ya taa, kausha, tia tone la mafuta mepesi. Grisi pale haihitajiki.

Halafu jambo la mkono upi utumie. Kwenye lami kavu, breki ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli hasa. Kwenye jalidi, tope au majani yaliyolowa, gurudumu la mbele likiteleza unaanguka kabla hujawaza. La nyuma likiteleza bado una nafasi ya kujirekebisha. Kwa hiyo penye utelezi punguza mwendo mapema, tumia ya nyuma taratibu, na usibane breki yoyote ukiwa umelala kwenye kona. Wenye baiskeli za breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume wana bahati msimu huu, kwa sababu breki yao iko ndani ya kitovu cha gurudumu na umande hauifikii.

Pedali zinazunguka lakini baiskeli haiendi

Unapanda, unakanyaga, miguu inazunguka bure. Wengi hudhani cheni imekatika. Tazama: kama cheni ipo na inazunguka pamoja na pedali huku gurudumu limesimama, tatizo ni friwili, lile gurudumu dogo la meno la nyuma. Ndani yake mna vibanio vidogo vinavyosukumwa na springi ili vishike meno unapokanyaga. Grisi nzito ikiganda kwa baridi, vibanio hivyo vinanasa na haviinuki.

Hapohapo njiani, zungusha pedali mbele na nyuma kwa haraka mara nyingi, na kugonga friwili polepole kwa kipande cha mti husaidia wakati mwingine. Usimwagie maji ya moto. Yataiamsha kwa dakika tano, kisha yataingia ndani, yatalala humo, na kesho utakuwa na barafu juu ya grisi. Dawa yenyewe ni ya jioni: laza baiskeli ubavu, mimina mafuta ya taa kidogo kwenye mwanya wa friwili ukiizungusha mpaka uchafu utoke, iache ikauke, kisha tia mafuta mepesi ya cherehani au oili safi ya injini. Ukimpelekea fundi, mwombe asijaze grisi humo.

Usichanganye tatizo hili na cheni inayoruka. Ikiwa baiskeli inakwenda vizuri tambarare lakini kwenye kilima inatoa mlio wa "ka!" na mguu unadondoka, hiyo ni cheni iliyorefuka au meno yaliyolika. Baridi haihusiki, na mafuta hayatasaidia.

Tairi limelegea kila asubuhi

Watu husema baridi imekula upepo. Ni kweli kwa sehemu ndogo. Tairi ulilojaza mchana wa nyuzi 25 likiamka kwenye nyuzi 5 hupungua paundi tatu au nne hivi kati ya hamsini. Utahisi limelainika kidogo, basi. Likiwa limelala kabisa, usiilaumu baridi. Kuna mahali upepo unatoka.

Anza na valvu. Baiskeli zetu nyingi zina valvu yenye kipira chembamba kilichovishwa kwenye sindano yake. Kipira hicho hukauka kwa uzee, na baridi hukifanya kigumu zaidi, mpaka kinaacha ufa usioonekana. Weka mate juu ya valvu: povu likipanda, umepata. Beba vipira viwili vitatu vya akiba mfukoni, havina uzito.

Kisha viraka. Kiraka kilichobandikwa alfajiri ya baridi mara nyingi huinuka siku hiyohiyo, kwa sababu gundi haikupewa muda wa kukauka kabla ya kubandika. Mchana wa joto dakika chache zinatosha. Kwenye baridi subiri zaidi, mpaka gundi isinate kwenye kidole. Pasha tyubu kati ya viganja au ndani ya koti, na ubanie kiraka kwa nguvu. Fundi anayekuharakisha kwa kuwa foleni ni ndefu hakusaidii. Na kwa upande wa Iringa, ambako kipupwe ni msimu wa ukavu na miiba, pitisha vidole ndani ya tairi kabla ya kurudisha tyubu. Mwiba uliobaki utamaliza kazi yako yote.

Cheni inalia au ina kutu ya rangi ya chungwa

Hapa sina mengi. Kutu ya usiku mmoja ni unyevu na ukosefu wa mafuta. Kausha, tia tone moja kwenye kila kiungo, zungusha, futa mafuta ya juu yote kwa kitambaa. Oili chafu iliyotolewa kwenye pikipiki ina masizi na chembe za chuma zinazosaga cheni. Isitumike kama una njia nyingine. Mafuta ya kupikia ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa hugeuka ulimbo. Kupaka grisi nje ya cheni ni kukusanya vumbi.

Ililala wapi, basi?

Watu wengi wanaotunza baiskeli zao kwa nia njema wanaziharibu hapa. Kuifunika kwa nailoni uani ni kosa la kwanza: unyevu wa ardhini hupanda, unagandia chini ya nailoni, na alfajiri unatiririka juu ya kila kitu ulichotaka kukikinga. Kosa la pili ni kuiingiza ikiwa ya baridi kwenye jiko lenye mvuke wa chakula. Chuma baridi kikikutana na hewa yenye joto na unyevu, maji hujitengeneza juu yake na hata ndani ya mirija, kisha ukiitoa nje alfajiri yanaganda. Mahali pazuri ni pakavu, penye hewa, pasipo moto: stoo, varanda yenye paa, hata chini ya upenu wa ukuta usiopigwa na ukungu. Kama nyumba ni ya chumba kimoja na baiskeli lazima ilale ndani, ifute vizuri dakika chache baada ya kuiingiza, pale inapokuwa imekwisha kutoa jasho.

Nawaomba waajiri pia. Mlinzi wa zamu ya usiku hana stoo; baiskeli yake inakaa kwenye nyasi tangu saa kumi na mbili jioni hadi asubuhi, halafu tunamtarajia ateremke salama na breki zenye barafu. Kona ya ghala au upenu wa jengo haugharimu chochote.

Gurudumu linakimbia chini yako

Lami ya mji wa Mbeya au Iringa mara chache sana inaganda. Utelezi wa huku uko mahali maalumu, na mtu mwenye akili huyajua maeneo hayo mchana kabla hajayapita gizani. Mbao za madaraja madogo ni la kwanza, maana hewa baridi huzipoza juu na chini, hivyo huganda kabla ya njia yenyewe. La pili ni njia za nyasi za bondeni. La tatu ni upande wa kivuli wa misitu ya misonobari kama ile ya kuzunguka Mafinga, ambako jua halifiki mapema na sindano za miti hulala njiani zimelowa. Kisha kuna maji yanayovuja kutoka bomba lililopasuka au yanayomwagwa na waosha magari: yakitapakaa barabarani jioni, Makete au Njombe yanaweza kuwa kioo alfajiri. Kwenye barabara kuu ya TANZAM kuna dizeli inayodondoka kwenye malori, hasa vilimani na vituoni, na ukungu ukiilowesha inateleza kama sabuni. Mistari myeupe na mifuniko ya chuma ya mitaro nayo usiikanyage ukiwa unakata kona.

Ukikuta umeshaingia kwenye jalidi, usibane breki na usipinde usukani. Kaa wima, acha kukanyaga kwa nguvu, tazama mahali njia inapokuwa nyeusi tena, acha baiskeli iende yenyewe mpaka pale. Kiti kikishushwa kidogo msimu huu mguu unafika chini haraka, na kwa muuza maziwa hilo lina maana kubwa. Mzigo wa madumu ukining'inia juu ya keria huvuta baiskeli ubavuni. Uteremshe uwe chini, sawasawa pande zote mbili. Daraja la mbao likiwa jeupe, shuka usukume. Hakuna haya.

Tairi pana lenye vidole hushika vizuri kwenye tope na nyasi. Unaweza kupunguza upepo kidogo ili ligandamane zaidi na ardhi, lakini ukiwa na mzigo usipunguze, utavunja ringi kwenye shimo. Wengine huona picha za Oulu, kule Ufini, ambako watu huendesha baiskeli kwenye theluji miezi mingi wakiwa na tairi zenye misumari midogo migumu, wakataka kujitengenezea kwa kupigilia skrubu. Kule njia imefunikwa na theluji iliyoshindiliwa kuanzia nyumbani hadi kazini. Jalidi yetu ni ya vipande, ikifika saa tatu imeyeyuka, na sehemu kubwa ya safari ni lami au vumbi. Chuma juu ya lami kinateleza kuliko mpira, na skrubu za kujitengenezea zitatoboa tyubu.

Jalidi ikiyeyuka hugeuka tope la juujuu. Likijaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likagoma, usilazimishe. Toa kwa kijiti. Ukilazimisha, spoku zinakatika.

Kuna tiba moja inayozidi vifaa vyote: kuchelewa kidogo. Katikati ya Julai jua la Mbeya linachomoza karibu na saa moja kamili. Anayeondoka saa kumi na mbili anapita kwenye giza na kwenye baridi kali kuliko saa zote, maana ardhi inaendelea kupoa mpaka jua litoke. Kama kazi yako inaruhusu kuondoka nusu saa baadaye, zungumza na msimamizi wako.

Magari yanakupita karibu mno

Kwenye ukungu, shati jeupe halisaidii, kwa sababu kila kitu ni cheupe. Rangi ya chungwa au njano kali inaonekana mapema zaidi, na taa nyekundu ya nyuma inashinda zote mbili. Kama una fedha ya taa moja tu na njia yako ina lori, nunua ya nyuma.

Taa ya betri iliyofifia alfajiri lakini mchana inawaka vizuri haijafa. Betri hudhoofika zikipoa. Ilale ndani, isafiri mfukoni, ifungwe wakati wa kupanda. Ikiwa ni dainamo na taa inapepesa, tazama kichwa chake kinapogusa ubavu wa tairi: kwenye unyevu kinateleza badala ya kuzunguka. Kifute, kaza springi, na uangalie kama meno yake yamelika. Mwanga wa mbele uelekeze chini. Ukiuinua, ukungu unakurudishia wote machoni.

Ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba huoni nguzo ya umeme inayofuata, toka kwenye barabara kuu. Tumia njia ya mtaa au subiri. Dereva wa lori naye haoni.

Vidole ganzi, kifua kinabana, kichwa kinauma

Ganzi ya vidole husababishwa zaidi na upepo wa mwendo wako mwenyewe. Glovu za sufu peke yake hupitisha upepo. Vaa juu yake glovu za mpira za kuoshea vyombo, au mfuko wa nailoni. Lakini mara nyingi dawa ya vidole iko kifuani. Mwili ukihisi kiwiliwili kimepoa, hupunguza damu ya mikononi na miguuni ili kulinda moyo na mapafu. Gazeti lililokunjwa chini ya koti, mbele ya kifua, huzuia upepo vizuri ajabu, na ukifika unalitoa. Koti la mtumba la sokoni Mwanjelwa, Mbeya, lenye zipu ni bora kuliko sweta mbili, kwa kuwa zipu unaifungua ukipanda kilima na kuifunga kabla ya kuteremka. Ukifika kileleni umelowa jasho kisha ukateremka, hapo ndipo baridi inaingia. Toka nyumbani ukisikia baridi kidogo. Ukitoka na joto, umevaa kupita kiasi.

Miguu ikiwa na ganzi ingawa umevaa soksi mbili, viatu vimebana na damu haipiti. Vaa moja. Vidole vilivyokufa ganzi usivipeleke juu ya moto, utajiunguza bila kusikia, viweke kwapani. Mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi katika hili. Na kama vidole vinabadilika kuwa vyeupe kabisa, kisha bluu, kisha vinauma sana kila vikipata baridi, muone daktari.

Kifua kinachobana na kupiga filimbi, hasa dakika chache baada ya kusimama, kinaweza kuwa pumu inayoamshwa na hewa baridi na kavu. Anza safari polepole dakika kumi za kwanza, funga skafu puani na mdomoni ili hewa ipate joto, na mwenye dawa ya kuvuta aitumie kama alivyoelekezwa hospitali. Kikohozi kilichofikisha wiki mbili usikiite cha baridi; nenda kapimwe kifua kikuu.

Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kabla hata hujapanda baiskeli ni jambo zito. Jiulize kama ulilala au kukaa na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na kila baridi inapokuja huua watu waliokuwa wanajipasha tu. Usipande baiskeli. Toka nje kwenye hewa safi, toa na wenzako waliomo, fungua milango, na mwende kituo cha afya hata kama mnahisi nafuu. Jiko likae nje, na chumba kipashwe kwa blanketi.

Magoti yakiuma asubuhi tu, pandisha kiti mpaka mguu ukaribie kunyooka pedali ikiwa chini, na usikanyage gia nzito kabla hujapata joto. Ikiwa ulishusha kiti kwa ajili ya jalidi, kirudishe njia ikikauka.

Usiyajaribu mwenyewe

Ringi yenye ufa, foku iliyopinda, usukani unaozunguka peke yake na spoku tatu au zaidi zilizokatika ni kazi ya fundi, na baiskeli isukumwe kwa mguu mpaka kwake. Vivyo hivyo breki ambayo baada ya kufuta, kusugua kwa msasa na kukaza bado inafika mwisho wa mkono bila kushika. Kwa safari hiyo panda bajaji, hata kama ni hela ya mboga.